Mchezo wa Kuficha Moja

Wanangu, kabla hamjaniuliza vijiti vizuri vinauzwa wapi, nendeni kwanza mkatafute kiti. Dramu haipigwi kwa mikono, inapigwa kwa makalio. Chekeni tu, hata mimi nilicheka nilipoambiwa. Mikono ndiyo inayoonekana, kwa hiyo ndiyo inayopigiwa makofi. Lakini mpigaji aliyekaa vibaya anachoka kiuno kabla ya wimbo wa tatu. Kiuno kikichoka mguu unachelewa, mguu ukichelewa bendi nzima inayumba kama baiskeli yenye ringi iliyopinda, na hakuna anayejua ugonjwa umeanzia wapi. Mwimbaji atamlaumu mpiga besi, mpiga besi atalaumu spika. Kumbe ni kiti.

Nayasema haya kwa sababu mmeanza kuja wengi hapa kwangu Area D, mmoja mmoja, wengine na vijiti mfukoni, mkisema, "Shikamoo mama, tumesikia ulikuwa unapiga jazi." Nilipiga. Ila jazi yenu na jazi yetu hazikuzaliwa nyumba moja. Yenu nimeisikia kwenye hizi hoteli mpya za mjini: watu wamekaa, wameshika glasi, wanatikisa kichwa taratibu kama wanakubaliana na mhubiri. Siisemi vibaya, napenda sana kuisikiliza. Enzi zetu bendi yoyote yenye magitaa na dramu ilijiita jazi, na kazi yake ilikuwa kuchezesha. Mtu akikaa kimya mbele yetu tulidhani anaumwa.

Mimi ni Mgogo wa upande wa Bahi. Bibi yangu mzaa mama, jina lake Mbeleje, alikuwa mpiga muheme. Kwa msioijua, muheme ni ngoma ya wanawake. Ina ngozi upande mmoja na imebonyea kiunoni kama mtu aliyekaza mkanda. Unasimama nayo, unaibana mapajani, unaipiga kwa viganja. Mwanamume wa Kigogo ataimba, ataruka, atapiga zeze mpaka nyuzi zikatike, lakini muheme haigusi. Kwa hiyo mimi nimekua nikijua kwamba ngoma ni kazi ya wanawake, kama kusaga. Nilipokuja mjini nikakuta mambo yamegeuzwa: ngoma ni ya wanaume, na mwanamke kazi yake ni kuitikia viitikio na kutikisa nyonga mbele ya jukwaa.

Nilikuja kuosha glasi. Ulikuwa ukumbi mmoja karibu na stesheni, na kila Jumapili alasiri palikuwa na bugi, yaani dansi la mchana. Watu wanatoka kanisani na nguo zao za heshima, wanapitia kula, halafu wanaingia ukumbini na watoto wao. Bendi iliyopiga pale iliitwa Kiangazi Jazz. Jina alilitoa kiongozi wake, Abdi, mtu wa Kondoa, mpiga gitaa la solo. Alisema mvua ikinyesha kila mtu yuko shambani, hakuna anayekumbuka muziki. Kiangazi kikiingia chakula kiko ghalani, watu wanaoana, na bendi nayo inakula.

Mpiga dramu wao alikuwa Mgogo mwenzangu, Chedego. Watu walimwita Saa ya Stesheni. Alikuwa mwembamba, mpole, amevaa koti hata jua likiwa kali, na akishaanza wimbo unaweza kwenda sokoni ukarudi ukamkuta palepale alipo. Jiko letu lilikuwa nyuma ya jukwaa, tumetenganishwa na ukuta wa mbao tu. Nikawa naosha glasi huku nampigia kwa viganja kwenye debe la maji. Sikudhani kuna anayesikia.

Jumapili moja, wakati wa mapumziko, alisukuma mlango wa jikoni.

"Nani anapiga ngoma huku?"

Nilijua kazi imekwisha. "Ni mimi, mzee. Shikamoo. Naomba msamaha."

"Marahaba. Msamaha wa nini? Rudia ile ya wimbo wa mwisho."

Nikafuta mikono, nikarudia. Aliinamisha kichwa karibu kabisa na debe.

"Hapo umeruka moja."

"Sijairuka, mzee. Nimeificha. Ipo."

Alinitazama kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni. Halafu akacheka, na sikuwahi kumwona akicheka jukwaani. Niwaeleze hiyo moja ni nini. Kila mzunguko wa wimbo una pigo la kwanza, pale ambapo mguu wa mchezaji unatua. Hiyo ndiyo moja. Mpigaji mchanga anaipiga kwa nguvu kila inapofika, kama mtu anayeogopa kupotea njia. Bibi zetu kwenye muheme wanafanya tofauti. Wakishahakikisha kila mtu anajua ilipo, wanaacha kuipiga. Wanapita pembeni yake, wanaizunguka, na wewe mwenyewe mchezaji unaiweka kwa mguu wako. Huo ndio utamu. Chedego alikuwa ameupata mchezo huo peke yake kwenye dramu, na hakuwa na mtu wa kucheza naye.

Akaniita Debe siku ileile. Jina langu ni Debora, halikuwa na safari ndefu. Abdi akatania kwamba debe tupu haliachi kuvuma, Chedego akamjibu, "Basi mjaribu uone kama ni tupu."

Nilianza na kayamba, nimesimama mkono wa kulia wa dramu. Asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu na viti vimepinduliwa juu ya meza, Chedego alinifundisha. Hakufundisha kwa maneno mengi. Alipanga dramu yote juu ya ubao mpana wa mbao, kwa sababu sakafu ya saruji, alisema, inakula sauti ya ngoma kubwa ya mguu. Nami nikakaa. Nikapiga toazi kama ninayeua nyoka, akanishika mkono. "Lipapase. Bati lina machungu yake." Nikakimbilia madoido, akaninyang'anya kijiti kimoja, nikabaki na kimoja wiki nzima. Nilimchukia. Wiki ilipokwisha mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeacha kuwa mgeni.

Na tulicheza. Hilo ndilo napenda mlijue, kwa sababu mnakuja hapa mmekunja nyuso kama watu wanaosubiri majibu ya mtihani. Jukwaani mimi na Chedego tulikuwa watoto. Mpiga besi wetu, Damiano, alikuwa Msandawe kutoka Chemba, na alikuwa anahesabu kuingia kwenye wimbo kwa vile vidoko vya lugha yao, ulimi ukigonga kinywani, tok, tok. Kidoko chake kilipenya kelele zote. Tulikuwa tunamfichia moja katikati ya wimbo mpaka anatugeukia macho yamemtoka, naye anatuvizia wimbo unaofuata. Wachezaji hawakujua kitu. Walijua tu kwamba miguu yao imepata wazimu.

Shida ilikuja Abdi aliposikia kwamba nataka kukalia dramu mbele za watu.

"Kayamba sawa," alisema. "Lakini mwanamke kukaa vile, miguu huku na huku, tutaonekanaje?"

Bibi Mbeleje alikuwa amekuja mjini kutibiwa macho, amekaa kwenye benchi pembeni anasubiri nimpeleke nyumbani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuazima, lakini kilimtosha.

"Mbukwa, baba," alimsalimia kwa Kigogo. Kisha akaendelea kwa Kiswahili. "Sisi tumebana ngoma mapajani toka bibi ya bibi yangu. Hakuna mtu ametuona vibaya. Leo hapa mjini ndiyo miguu imekuwa aibu? Au ni macho yenu yameumwa? Mimi natoka hospitali ya macho, nikuelekeze."

Abdi alikuwa mtu wa adabu, hakuweza kubishana na bibi. Akasema nitajaribiwa mbali na mjini, wasikotujua. Nami nikajaribiwa Kibaigwa.

Mnaijua Kibaigwa msimu wa mahindi. Malori yamepangana, madalali wanapiga kelele, vumbi la pumba hewani. Mfanyabiashara mmoja alitualika tupige sokoni mchana, na jukwaa letu likawa bodi la lori. Sasa lori lilikuwa limesimama kwenye mteremko kidogo. Ngoma kubwa ya mguu ina tabia hii: kila ukiipiga inasogea mbele. Kwenye mteremko haisogei, inatoroka. Wimbo wa kwanza niliifukuza hiyo ngoma mpaka nikawa nimekaa ncha ya ubao. Kabla ya wimbo wa pili nikapata akili. Nikachukua kamba, nikaifunga ngoma kwenye gunia la mahindi lililokuwa nyuma yangu. Gunia ni zito, haliendi kokote. Nikajisifu moyoni.

Katikati ya wimbo lile gunia likauzwa.

Wapagazi wawili wakapanda kwa nyuma, wakalishika huku na huku, wakalibeba. Nikaona ngoma yangu inarudi kinyumenyume, inanigonga magoti, inanipita. Ningefanya nini? Nilisimama. Mkono mmoja ukabaki kwenye toazi, mwingine kwenye ngoma ndogo, na mguu, kwa kuwa hauna cha kupiga, ukapiga bodi la lori. Bodi tupu la lori, wanangu, lina sauti isiyouzwa kwenye duka lolote la vyombo vya muziki. Soko lilipiga mayowe. Wapagazi nao walipotazama nyuma wakaona wanaburuta dramu, wakaiweka chini taratibu kama mtoto wa watu. Watu wakadhani ndiyo mtindo wetu. Wakataka turudie, na gunia.

Chedego alikuwa chini, ameegemea gurudumu. Niliposhuka hakunisifia.

"Umejifunza nini?"

"Nisifunge ngoma kwenye gunia la mtu."

"Hapana. Umejifunza kwamba hukusimamisha wimbo. Basi."

Toka siku hiyo tulipokezana: yeye nusu ya onyesho, mimi nusu, na anayepumzika anashika kayamba. Yeye akiwa kwenye dramu alinitaka nisimame palepale kulia kwake, mbele kidogo. Alisema ni kwa ajili ya kusawazisha sauti. Nilikubali, mwalimu ni mwalimu.

Miaka ikapita hivyo. Habari zikaja kwamba hoteli mpya inafunguliwa mjini na mwenye hoteli anatafuta bendi ya kudumu, bendi itakayopiga kila wikiendi chini ya paa la kudumu badala ya kuhangaika na turubai. Angekuja ukumbini kwetu Jumapili fulani kutusikiliza. Abdi alibadilika, akawa mkali. Tukafanya mazoezi kila asubuhi.

Asubuhi moja nilifika nachechemea. Mwiba ulikuwa umenichoma unyayo, nimeufunga kitambaa. Tukaanza wimbo, Chedego kwenye dramu, mimi na kayamba, na kwa sababu ya maumivu mguu wangu niliukunja kama korongo, sikuutua chini. Nikaanza mchezo wetu, nikaificha moja. Alipaswa kuizunguka na kunirudishia. Akaanguka. Hakupotea kidogo kama binadamu yeyote anavyopotea. Aliingia mahali ambapo hapakuwa na wimbo kabisa. Damiano akapiga kidoko kumrudisha, tok, tok, kile kinachopenya kila kitu. Chedego hakugeuka. Alikuwa anautazama mguu wangu.

Abdi alisimamisha wimbo, akasema tupumzike, akatoka nje kuvuta hewa. Alidhani ni uchovu. Mimi nilikaa. Chedego alikuwa ameinama anakaza ngozi ya ngoma. Nilisimama nyuma yake.

"Mzee, chai tayari."

Mikono yake haikusita.

"Mzee Chedego, chai imekuja."

Aliendelea kukaza. Kivuli changu kilipoangukia mikono yake ndipo alipogeuka, akaniona uso.

"Umejua," alisema.

Nilitikisa kichwa kukubali, nikaogopa hata kufungua mdomo, kama vile nikiongea nitamtukana.

"Ongea tu. Ukiniangalia nakupata. Mdomo wako mkubwa."

"Tangu lini?"

"Toazi ndilo lilitangulia kuondoka. Nalipiga, nalipata mkononi tu, kama napiga mto. Halafu sauti za wajukuu. Kidoko cha Damiano kilikaa sana, nacho kikaenda." Aliangalia sakafu. "Naufuata mguu wako, Debe. Siku nyingi sasa."

"Mbona hukusema?"

"Nikisema nitakuwa nani?"

Aliniomba kitu kimoja, nisimame ninaposimama mpaka siku ya mwenye hoteli ipite. Basi. Baada ya hapo angeachia mwenyewe. Nikafikiria: nikinyamaza na mguu wangu ukakosea kidogo tu, bendi nzima inazama naye mbele ya yule mtu. Nikisema, namtoa kwenye kiti alichonikalisha. Mwishoni nikapanda basi nikaenda kwa bibi.

Bibi alikuwa anapepeta ulezi. Nilimweleza yote. Hakuacha kupepeta.

"Sasa unalilia nini?"

"Hasikii, bibi. Mpiga ngoma hasikii."

"Kwani muheme tunasikia kwa masikio? Kwenye mstari wetu alikuwepo mama mmoja, kiziwi toka surua ya utoto. Alikuwa hakosei, ananishinda mimi. Ngoma iko hapa." Akajipiga paja. "Paja halizibi. Mpe muheme."

"Lakini ni mwanamume. Na ni Mgogo. Atachekwa."

"Wewe ni mwanamke umekalia ngoma yao. Umekufa?"

Alinipa muheme yake mwenyewe, ile ya ngozi nyeusi ya mbuzi. Niliibeba mapajani ndani ya basi mpaka mjini.

Chedego alikasirika. Sikuwahi kumwona amekasirika. "Unataka nirudi kwetu nikaitwe nani? Ondoa hicho kitu." Niliiacha kwenye kona ya sebule yake, nikaondoka bila kuaga vizuri. Kesho yake hakuja mazoezini. Siku iliyofuata mke wake alinikuta sokoni kwenye mboga, akanishika mkono, macho yamejaa kicheko na machozi pamoja.

"Mwanangu, umenifanyia nini? Mwenzio amejifungia chumbani na ngoma ya kike. Anapiga tangu asubuhi. Nimechungulia, amefumba macho, anatabasamu kama mtu anayekula zabibu."

Alirudi mazoezini na muheme imefungwa kwenye kanga ya mkewe, na kabla hajakaa alimwambia Abdi mbele yetu wote. Alisema kwa sentensi mbili. "Masikio yangu yamekwisha. Dramu apige Debe, mimi nitapiga hii." Sikuhitaji kusema chochote, na nawaambieni nilishukuru.

Abdi alikaa juu ya spika. Tulijua anaiona hoteli inaondoka.

"Yaani mwaka mzima," alisema, "nakukemea kwamba umeanza uzembe, nakugombeza mpaka nyumbani silali vizuri, kumbe hata hilo kemeo hulisikii?"

Chedego alikuwa anamsoma midomo. "Nilikuwa naona mate tu."

Damiano ndiye aliyeanza kucheka. Tukacheka wote mpaka Abdi akavua kofia yake ya viua akafutia uso.

Mbinu tuliipata kwa kujaribu. Muheme ilimpa sauti yake mwenyewe, lakini angetupataje sisi? Ndipo alipovua viatu akapanda juu ya ule ubao wa dramu, akasimama peku kando yangu. Nilipokanyaga ngoma kubwa, ubao wote ulitetemeka. Alifumba macho. Nikakanyaga tena. Akasema, "Upo." Damiano naye akasogeza spika ya besi ikagusa ubao. "Na wewe upo. Abdi sikupati, lakini wewe hata zamani ulikuwa unapiga unachotaka."

Jumapili yenyewe ukumbi ulijaa. Mwenye hoteli alikaa meza ya mbele na mkewe. Tulipopanda watu waliguna. Mwanamke akaenda kukaa kwenye dramu. Hilo wa pale walishalizoea. Kisha mwanamume mtu mzima, wa koti, akavua viatu na kubana muheme mapajani. Kicheko kilianzia nyuma kikaja kama mvua inavyokuja kwenye mabati. Mzee mmoja wa Kigogo alisimama akasema kwa sauti, "Jamani, dunia imepinduka! Hawa wamebadilishana suruali!"

Nilimtazama Chedego. Kicheko hakikumfikia, lakini alikiona kwenye meno ya watu. Akavigeukia viatu vyake. Nikajua nikichelewa kidogo atashuka, na akishuka leo hatapanda tena maishani. Sikungoja kidoko cha Damiano. Nikakanyaga.

Akaingia. Niseme nini, wanangu? Kwenye dramu alikuwa saa. Kwenye muheme alikuwa mtu. Viganja vyake vilizungumza chini ya vijiti vyangu, nikipanda anashuka, nikinyamaza anajibu. Na katikati ya wimbo, hasikii chochote, amefumba macho, unyayo umeshika ubao, aliificha moja. Alinifichia mimi, huyo mwalimu wangu. Damiano alipotea palepale, akabaki ameshika gitaa anacheka. Mimi nilining'inia hewani, sijui niangukie wapi, na ilikuwa ni furaha kubwa kuliko zote nilizowahi kupata kazini. Kisha nikaisikia inakuja, siyo kwa sikio, nikaikanyaga, na ukumbi wote ukatua nasi. Yule mzee wa suruali alikuwa wa kwanza kutoka mezani kucheza.

Hoteli hatukuipata. Nasema wazi kwa sababu najua mlikuwa mnasubiri tuipate. Mwenye hoteli alitushika mikono, akasema amefurahi sana, na akamchukua kijana mmoja mwenye kinanda kinachojipigia ngoma chenyewe. Abdi aliumia kwa muda mrefu. Mimi nilikwenda siku moja kukisikiliza hicho kinanda. Kilikuwa hakikosei. Nilikaa nikingoja kifiche kitu, kicheze na yule kijana, hakikuweza. Kijana mwenyewe alikuwa na sauti nzuri, na alionekana mpweke. Nyinyi leo mna vidude vya masikioni vinavyowahesabia, navyo si vibaya, vinafunza nidhamu. Ila mkishajua njia, vitoeni siku mojamoja, mtazamane.

Tulichopata ni vijiji. Habari ya mwanamume wa muheme ilitutangulia kila tulikokwenda kupiga harusi. Akina mama wazee walikuja kutuona kwa kumcheka, wakikaa mstari wa mbele na vitenge vyao, na baada ya nyimbo mbili wanaacha kucheka wanaanza kumsahihisha. "Shusha kiwiko, baba!" "Usibane kama unaibiwa!" Mmoja alipanda akamshika viganja akavipanga. Bibi yangu naye alimwona, mara moja tu, kabla hajafariki. Alimtazama wimbo mzima, kisha akasema, "Anajitahidi." Chedego hakuusoma mdomo wa bibi, akaniomba nimrudie alichosema. Nikamwambia bibi amesema hajawahi kuona kitu kama kile. Haikuwa uongo.

Nilimuuliza safari moja, tukiwa tunasubiri gari, kama anaukumbuka muziki ulivyokuwa. Alifikiri. "Nilipokuwa nasikia," alisema, "nilikuwa nasikia nyimbo. Sasa napata watu. Leo Damiano alikuwa na huzuni. Muulize." Nikamuuliza Damiano. Mama yake alikuwa mgonjwa Chemba, hakuwa amemwambia mtu.

Kwa hiyo yalindeni masikio. Mtie pamba, mtie chochote, msikae mbele ya spika mkijifanya majasiri. Mimi langu la kushoto limeanza kuimba lenyewe, na magoti ndiyo yaliyonistaafisha. Lakini pia jifunzeni kupiga yakiwa yamezibwa kabisa. Vueni viatu. Wekeni dramu juu ya mbao mkaone nani yupo.

Juzi nilikwenda kumwona Chedego. Anaishi kwa binti yake, amezeeka sana, mdomoni hayamtoki maneno mengi. Aliniuliza vijana wa sasa wanapiga nini. Nikamwambia wapo wengi, wasichana kwa wavulana, wanakuja kwangu. Akanyoosha mkono, maana yake nimwonyeshe. Basi nikampigia kwenye kiganja, kwa vidole viwili, ule wimbo wenu mnaoupenda, vilevile mnavyoupiga.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wana mikono mizuri," alisema. "Lakini wanakimbia. Wanakimbia kwenda wapi?"

"Sijui, mzee."

"Waambie hakuna anayewafukuza."

Nimewaambia.